Mwongozaji Asiyeruhusiwa Kukataa



Juma lililopita kijana mmoja wa parokia yetu, aliyemaliza kidato cha sita na sasa anajifunza kazi ya kuongoza watalii, alituuliza iwapo ni kosa kumtii mteja aliyelipia safari. Tulimjibu harakaharaka, kama mtu ajibuvyo mlangoni mwa sakristia huku wengine wakisubiri zamu yao. Kisha jibu letu likatusumbua juma zima. Swali hilo tuliwahi kuliona likijibiwa mbele ya macho yetu, porini, ndani ya gari, na siku ile sisi hatukufungua kinywa.

Miaka michache iliyopita rafiki yetu tuliyesoma naye seminari ndogo, ambaye baadaye alifuata njia ya ualimu na ndoa, alitualika tuambatane na kundi la wapiga picha wa ridhaa waliokuwa wakienda Serengeti kwa siku tatu. Walikuwa watu sita: mhasibu, daktari wa meno, wafanyabiashara wawili, mtumishi wa benki na huyo rafiki yetu. Hakuna hata mmoja aliyeishi kwa kazi ya picha, lakini kila mmoja alibeba kamera yenye thamani kuliko pikipiki ya katekista wetu. Kwa kuwa sisi tunaishi upande wa Ziwa, tuliwapokea barabarani tukaingia pamoja nao kwa lango la Ndabaka, magari mawili, tukiwa na kamera yetu kuukuu ambayo waliitazama kwa upole, kama watu watazamavyo mgonjwa.

Safari waliyoilipia haikuwa ya kutazama wanyama tu. Ilitangazwa kuwa ni safari ya picha, yaani yenye mwongozaji atakayewafundisha wapi gari lisimame, mwanga utoke upande gani, na mnyama atafanya nini kabla hajalifanya. Safari za namna hii zimeongezeka sana. Katika safari ya kawaida gari hubeba watu sita au saba na kukimbia kutoka simba hadi tembo kama anayehesabu mifugo. Katika safari ya picha watu huwa watatu au wanne ili kila mmoja apate upande wake wa gari, na mnyama mmoja aweza kutazamwa asubuhi nzima. Hivyo gharama yake ni kubwa zaidi. Mteja anayelipa zaidi hutarajia zaidi, na hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo.

Tukiri kwamba siku ya kwanza ilitufurahisha kuliko tulivyotarajia. Mwongozaji wetu, ambaye ndiye aliyekuwa pia dereva, alikuwa mtu wa makamo aliyeizoea nyika kwa zaidi ya miaka ishirini. Alituamsha saa kumi na moja alfajiri, tukanywa chai na mandazi gizani, na mara tu magari yaliporuhusiwa kutembea tukawa barabarani. Alieleza kwamba karibu na ikweta jua hupanda wima na upesi. Ule mwanga laini wenye rangi ya asali hudumu muda mfupi tu. Ifikapo saa tatu vivuli vimekuwa vikali na macho ya mnyama yamezama gizani chini ya paji la uso. Kila mpiga picha alipewa mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele, ambao huwekwa ukingoni mwa paa lililofunguliwa ili lenzi nzito ilale juu yake bila kutikisika. (Wageni wa mbali, tuliambiwa, huja na mfuko mtupu wakaujaza sokoni Arusha, na mwisho wa safari mchele hubaki kwa dereva. Hapo walau mtu mmoja hufaidika na picha hizo kwa hakika.) Injini huzimwa kila gari linaposimama, kwa maana mtetemo wake husafiri hadi kwenye lenzi.

Tulipomkuta nyati mwenye yangeyange mgongoni, mwongozaji alifungua darasa papo hapo. Kamera, alisema, hudhani kwamba dunia nzima ina rangi ya kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwa nyati mweusi, itaongeza mwanga hadi nyati aonekane kama amepakwa majivu na yangeyange apotelee katika weupe. Ukiielekeza kwa yangeyange, itapunguza mwanga hadi nyati awe shimo jeusi. Ni juu ya mpiga picha kuamua, kwa sababu kamera haijui inachokitazama. Tukakaa pale dakika arobaini. Nyati hakufanya lolote la ajabu isipokuwa kucheua, na hata hivyo mhasibu wetu alitoka pale akiwa na picha moja ambayo tungeitundika sebuleni bila aibu.

Tulimkumbuka padre mzee aliyetufundisha kupiga picha kule seminarini. Mkanda mmoja wa filamu ulikuwa na picha thelathini na sita, na mkanda wa pili ungepatikana muhula ujao, Mungu akipenda na wafadhili wakikumbuka. Kabla ya kubonyeza, padre yule alitutaka tuhesabu hadi kumi. Ziko kamera za leo zinazopiga picha ishirini kwa sekunde moja. Mkanda wake ungekwisha kabla hajafika mbili. Hatusemi hayo kwa kudharau vyombo vipya. Twasema tu kwamba umaskini wa filamu ulitulazimisha kusubiri, na sasa kusubiri kumebaki kuwa hiari ya mtu, au kazi ya mwongozaji.

Siku ya pili tulikuwa katika nyanda zilizo kusini mwa Seronera. Duma jike alikuwa amelala juu ya kichuguu pamoja na watoto watatu, yapata mita mia mbili kutoka barabarani. Mwongozaji alisimamisha gari, akazima injini, akatuonyesha kundi la swala tomi waliokuwa wakilisha upande wa pili. Duma amewaona, alisema kwa sauti ya chini. Tukitulia huenda akapita mbele yetu. Tukatulia. Nusu saa ikapita, jua likaanza kuwa kali. Redio ya upepo ikatangaza duma yule kwa magari mengine, yakaja matano, kisha manane, na moja likaacha barabara na kuingia majanini.

Ndipo mmoja wa wenzetu alipomgusa dereva begani. "Kaka, sisi tumelipia picha, hatukulipia barabara." Dereva akajibu kwa heshima kwamba kutoka nje ya barabara ni kosa. Yule ndugu akaweka noti tano za shilingi elfu kumi juu ya dashibodi, bila kusema neno lingine.

Dereva alituangalia kupitia kioo cha ndani. Alijua sisi ni nani. Watoto wake wawili walipata komunyo ya kwanza mikononi mwetu. Nasi tulijua anachouliza. Tukainamisha kichwa, tukajifanya tunafuta vumbi kwenye lenzi yetu.

Gari likaingia majanini. Swala wakainua shingo, wakaondoka wote kwa pamoja. Duma akasimama, akatutazama mara moja, akawaongoza watoto wake kwenye nyasi ndefu, na picha zilizopatikana zilikuwa za migongo na mikia. Tuliporudi barabarani askari wa hifadhi walikuwa wakitungoja. Hawakumuuliza mteja lolote. Walichukua namba ya gari na jina la dereva, faini ikaandikwa kwa dereva, na kampuni yake haikumpa safari kwa miezi miwili. Zile noti tano hazikutosha. Tulichangia kidogo baadaye, na hatulitaji hilo ili tusifiwe, maana kilichohitajika asubuhi ile hakikuwa fedha.

Jioni, tukiota moto kambini, alikuja kuketi karibu nasi. "Padre, nilikutazama," alisema. "Mteja akiandika kwamba dereva ni mkaidi, msimu ujao siitwi. Ungesema neno moja tu, ningepata pa kuegemea." Hatukuwa na la kumjibu, na mpaka leo hatunalo.

Wapo watakaosema kwamba duma mmoja kukosa swala mmoja si jambo la kuandikia ukurasa mzima. Tungekubali, kama gari lingekuwa moja na siku ingekuwa moja. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika eneo la Maasai Mara, upande wa pili wa mpaka wetu na Kenya. Watafiti walilinganisha duma jike wanaoishi penye watalii wengi na wale wanaoishi penye watalii wachache. Penye watalii wachache, mama alilea hadi kujitegemea wastani wa watoto 2.3. Penye watalii wengi, wastani ulikuwa 0.2, yaani katika mama watano, mtoto mmoja. Duma huwinda mchana ili kuwakwepa simba na fisi, nao mchana ndio saa za kazi za magari yetu. Akifukuziwa windo leo na kesho na keshokutwa, maziwa hukauka. Huko Mara ipo kanuni kwamba magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja na mengine yangoje mbali. Ni kanuni njema, lakini atakayeitii au kuivunja ni dereva, na nyuma ya dereva wameketi watu wenye fedha na haraka.

Mwezi Julai 2025 wengi wetu tuliona kwenye simu zetu picha za video kutoka Mto Mara, kaskazini mwa Serengeti. Watalii walikuwa wameshuka kwenye magari na kujipanga ukingoni, nyumbu wakitafuta pa kuvukia na kurudishwa nyuma. Anayeijua kazi hii atawaambia jinsi inavyopaswa kuwa. Magari hukaa mbali na ukingo, injini zimezimwa, hata kama ni saa nne au tano za kungoja. Nyumbu husogea majini, hurudi, husogea tena, mpaka mmoja athubutu. Wa kwanza wakishaingia majini na wengine wakafuata, hapo tu ndipo gari laweza kusogea polepole. Anayewahi kusogea huharibu uvukaji wote, na pamoja nao picha yake mwenyewe. Jambo hili hutushangaza daima: haraka ya mpiga picha hudhuru kwanza kile hasa alichokuja kukitafuta.

Kiswahili chetu, kwa bahati au kwa hekima, kimetumia kitenzi kimoja kwa bunduki na kwa kamera. Tunapiga risasi, tunapiga picha. (Ni kweli tunapiga pia pasi na mswaki bila kumjeruhi mtu.) Historia imeshuhudia ukaribu huo. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga picha za wanyama wa nchi yetu usiku kwa mwanga wa baruti, alitoa mwaka 1905 kitabu kilichotaja katika jina lake mwanga huo pamoja na bunduki. Ili simba waje mbele ya kamera yake, alifunga punda na ng'ombe wawe chambo. Tamaa ya picha bila subira si ugonjwa wa vijana wa leo tu. Hata mashindano makubwa ya picha za wanyamapori yanayoandaliwa na jumba la makumbusho ya viumbe la London yamelazimika mara mbili kumvua mshindi heshima yake. Picha ya mbwa mwitu iliyoshinda mwaka 2009 iliondolewa kwa kuwa waamuzi waliona kwamba yaelekea mnyama huyo alikuwa wa kufugwa na kufunzwa. Ile ya mnyama mla mchwa wa Brazili, iliyoshinda kundi lake mwaka 2017, iliondolewa kwa kuwa wataalamu waliona mnyama huyo ni ngozi iliyojazwa. Wote wawili walikana, lakini picha zao hazikurudishwa.

Hata hivyo hatuwezi kusema picha ni adui. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja Serengeti wakawahesabu wanyama kutoka angani, kwa ndege waliyoipaka mistari ya pundamilia. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao ya mwaka huo ilifanya watu wengi wa Ulaya na Marekani walijue jina la Serengeti, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Mhasibu wetu naye, tangu asubuhi ile ya nyati, amekuwa mtu wa kuuliza habari za hifadhi kila tunapokutana. Picha humfunga mtu na mahali kwa namna ambayo hotuba zetu hazijaweza.

Basi turudi kwa kijana wetu na swali lake. Watu wengi humlaumu dereva. Ni rahisi, jina lake limeandikwa kwenye karatasi ya faini. Lakini tutazame anavyoishi. Wengi katika kazi hii huitwa kwa safari, hawana mshahara wa mwezi, na sehemu kubwa ya kile wanachopeleka nyumbani ni bakshishi, ambayo mteja huitoa siku ya mwisho kwa kadiri alivyoridhika. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, walikuwa takriban 620,000. Tunawakumbuka madereva waliorudi vijijini mwaka ule kuomba vibarua vya kupalilia pamba. Mtu aliyeonja hofu hiyo hawezi kumwambia mwenye noti tano kwamba haiwezekani, labda awe shujaa, nasi hatuna haki ya kujenga biashara nzima juu ya ushujaa wa mtu anayelipwa kwa siku.

Tena kuna jambo linaloumiza zaidi kwa sisi tunaokaa jirani na hifadhi. Mwanakijiji akiingiza ng'ombe wake ndani ya mpaka, hata kwa kutafuta maji wakati wa kiangazi, twajua kitakachompata. Aliyeingiza gari zima mbele ya duma na watoto wake alirudi nyumbani na kamera yake. Hatuombi mwanakijiji aachwe. Tunauliza tu ni nani aliyeamua kwamba sheria iwe na macho makali kwa wenye fimbo na macho laini kwa wenye lenzi.

Maoni yetu, basi, ni kwamba mwongozaji asiyeruhusiwa kukataa hafai kuitwa mwongozaji. Huyo ni dereva wa teksi aliyepewa darubini. Kampuni inayouza safari ya picha ingeandika kwenye mkataba, kabla mteja hajalipa hata shilingi, kwamba neno la mwongozaji kuhusu umbali, barabara na muda ni la mwisho. Ingemlipa mshahara wa kumwezesha kulisema neno hilo. Bakshishi iwekwe katika mfuko mmoja wa wafanyakazi wote wa safari, ili noti ya mtu mmoja isinunue usukani. Na ikithibitika kwamba gari liliacha barabara kwa shinikizo la mteja, faini iandikwe kwa jina la mteja. Tunajua wenye kampuni watasema kwamba mteja atahamia kwa jirani asiye na masharti. Baadhi watahama kweli. Lakini mpiga picha wa ridhaa kwa kawaida ni mtu anayetaka kujifunza. Hakununua lenzi ile kubwa ili apate mikia. Akiambiwa mapema kwamba analipia macho ya mtu aliyekaa nyikani miaka ishirini, atamsikiliza. Asipoambiwa, atadhani analipia magurudumu.

Nanyi wasomaji wetu mnaopenda picha, maana tunajua mpo, na baadhi yenu mmetutumia picha za ubatizo zenye vichwa vilivyokatwa: kabla ya kulipia safari ya namna hiyo, ulizeni mwongozaji analipwaje. Ni swali la kukosa adabu kidogo. Tungeliuliza sisi wenyewe kabla ya kupanda gari lile, pengine dereva asingehitaji kututazama kiooni.

Kijana tulimwita tena Jumapili, baada ya misa ya pili, tukamweleza haya yote, pamoja na sehemu yetu isiyopendeza. Alisikiliza, kisha akauliza kama yule dereva bado yuko kazini. Yuko. Alipata kampuni nyingine, ndogo, ambayo ina karatasi yenye neno lile la mwisho, nayo hubandikwa ndani ya gari ambapo wote wanaweza kuisoma. Mwezi Februari alitupigia simu kutoka Seronera. Alikuwa na wageni wanne, chui amelala juu ya mgunga mbali na barabara, na mmoja wao akaanza maneno yaleyale. Dereva akamwonyesha karatasi. Wakasubiri kuanzia saa moja hadi saa tano. Chui hakushuka. Kama bakshishi aliipata au la, hakutuambia, nasi hatukuuliza.